Sauti ya Baba Yako Kwenye Gari la Magodoro

Editha mwanangu,

Umelala, na mlango umeuacha wazi kama kawaida yako. Nasikia unavyokoroma. Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo, na asubuhi ukimwambia anakataa katakata, anasema labda ni mbuzi. Mimi usingizi umenigomea. Nimewasha taa ya sola, nimekaa mezani, na daftari lako la zamani la fizikia ndilo limenipa karatasi.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kula kabla ya safari, wala za kutowapa lifti watu usiowajua pale Lusahunga. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mama, ningekuwa mbuzi ningeshachinjwa kwa ukubwa huu." Nilicheka. Lakini jioni hii kwenye chakula sikucheka, uliponiambia kwamba naogopa mizimu kama vibibi vya kwetu Nyantakara. Ukasema udhamini ni udhamini, na mtu akishakufa hana anachopoteza. Kisha ukainuka na sahani yako. Nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo ningesema maneno mabaya, na mimi na mdomo wangu tuna historia. Ndiyo maana naandika.

Kesho unakwenda Mwanza na ile pikapu. Kampuni ya magodoro itakupa spika mpya, betri, amplifaya, rangi ya gari na karakana ya kufanyia kazi. Wao wanataka kitu kimoja tu, sauti ya baba yako iwe yao. Na mimi mjane wake natakiwa nitie sahihi kwamba nimekubali. Karatasi yao umeiacha chini ya kikombe changu bila kusema neno, mjanja wewe. Nimeiona. Nitakujibu, ila nivumilie kwanza, maana siku yule kijana wa kampuni alipokuja hapa kuna jambo lilitokea ambalo hukuliona.

Wewe ulimjua baba yako akiwa ameshakuwa Deo Matangazo, mtu ambaye hata watoto wa Benaco walikuwa wanamwigiza. Mimi nilimkuta ana pikipiki moja na honi moja ya spika ameifunga kwa mpira wa baiskeli. Alitangaza minada, chanjo, mbuzi waliopotea, mikutano ya kijiji, na zaidi ya yote alitangaza misiba. Alikuwa Mhangaza wa hapa hapa Rulenge, na mimi binti wa Kisukuma, wazazi wangu walishuka kutoka Shinyanga na ng'ombe wao wakakaa Nyantakara. Basi unajua yaliyotokea tulipooana. Yeye herufi ya l hakuwa nayo kabisa kinywani. Mimi ile r yenu mpaka leo inanipiga chenga. Yeye anasema anataka chakura, mimi nasema nimepanda gali. Mwaka wa uchaguzi nikamwambia nimeshapiga kula, akanijibu hata yeye ameshakura, tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Jina langu Limi. Kwetu maana yake ni jua. Kwa baba yako sikuwahi kuwa Limi hata siku moja. Nilikuwa Rimi. Rimi, maji yameisha. Rimi, mtoto anaria. Mwanzoni iliniudhi, nikawa namrekebisha, kisha nikazoea, na mwisho mtu mwingine akiniita kwa jina langu sahihi nilikuwa nageuka polepole, kana kwamba anamwita mtu mwingine.

Sasa nisikilize hapa. Ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka vizuri. Baba yako alipopata hii pikapu, alitaka kuifanya gari la muziki na matangazo ambalo hapa Ngara halijaonekana. Alitengeneza boksi la spika kwa plaiwudi ya kabati la shule lililotupwa. Kila spika alikuwa ameokota mahali, moja imetoka kwenye redio ya kanisa, nyingine kwenye basi lililopinduka. Lakini amplifaya kubwa hakuwa na uwezo nayo. Akasikia kampuni moja ya soda inatafuta magari ya kudhamini vijijini. Mimi ndiye niliyemwandikia barua, maana nilikuwa nimefika kidato cha nne na yeye aliishia la saba. Barua ikakubaliwa. Wakawaita wale waliokubaliwa waende Biharamulo, ofisa wao atawasikiliza wakitangaza.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilisema moyoni, huyu mwanaume akifika mbele ya watu wa mjini akasema "soda baridi ya kurara nayo", watamcheka na gari litarudi tupu. Nikaanza kumfundisha. Nilimkalisha jikoni kwenye kigoda, mimi nasonga ugali, namwambia weka ulimi juu ya meno, sema lala. Anasema rara. Sema Limi. Anasema Rimi. Wewe ulikuwa umekaa kwenye gunia la mkaa unapiga makofi kila akikosea. Siku ya kwanza alicheka na sisi. Siku ya pili alicheka kidogo. Siku iliyofuata alikuwa anatoka jasho, anajaribu, ulimi unamkatalia, na mimi sikumwonea huruma, nilikuwa namwambia, "Deo, hata mtoto wako anaweza."

Tulikwenda wote Biharamulo. Nilikaa nyuma ya kile chumba nikamwona anashika maiki. Editha, mtu ambaye akitangaza msiba Rulenge watu wanasimama na majembe shambani, alishindwa kusema. Alikuwa anakwepa kila neno lenye l. Unaona macho yake yanatafuta njia, anaanza neno, analiacha, anazunguka. Yule ofisa akamuuliza kwa upole, "Mzee, unaumwa koo?" Baba yako akasema ndiyo. Hatukupata udhamini. Na mimi, badala ya kunyamaza, ndani ya gari nikamwambia, "Si nilikuambia ufanye mazoezi?"

Masika yote hakutangaza. Pikapu ilikaa pale chini ya mti wa parachichi, kuku wakatagia kwenye boksi la spika. Watu wakifa ilipigwa kengele ya kanisa tu, na wengine walizikwa bila ndugu wa kijiji cha pili kujua. Ndani ya nyumba alikuwa anaongea kwa ishara, nipe, lete, basi. Jina langu hakuliita kabisa. Akitaka kuniita anakohoa. Mwe! Sikuwahi kusikia nyumba imenyamaza namna ile. Nilikuwa nimempeleka kwa watu baada ya kumvua kile walichokuwa wamekipenda.

Alirudi mwenyewe siku alipofariki mke wa katekista. Sikumwomba, sikumbembeleza. Nilikuwa napalilia migomba nikasikia pikapu imewaka, halafu, kutoka kule bondeni, ile sauti yake ya chini, nzito, isiyo na haraka. "Mrio karibu, wajurisheni wario mbari." Nilikaa chini kwenye majani nikalia. Tangu siku hiyo sikumrekebisha tena neno lolote. Ilikuwa imechelewa kidogo, lakini haikuwa imechelewa sana, tulipata miaka mizuri.

Ulipoirithi hii pikapu nilifurahi, usidhani sikufurahi. Watu walisema msichana atafanya nini na waya, nikawaambia waje waone. Uliing'oa yote, ukachomelea fremu mpya, ukapanga betri nyuma ya kiti, ukafunika boksi kwa zulia, ukawa unalala na harufu ya gundi. Kile ulichokitengeneza mwenyewe ndicho walichopaswa kukidhamini. Lakini wewe unajua na mimi najua kwamba hawakuja kwa sababu ya fremu wala betri. Walikuja kwa sababu ya lile jambo la kiangazi, kwa Bibi Anastazia.

Sikulaumu. Ulitaka kujua spika zinafika umbali gani, ukapanda nazo kilimani mchana, na kitu ulichokuwa nacho kwenye flashi ni matangazo ya baba yako uliyomrekodi ukiwa likizo. Ukabonyeza la kwanza lililokuja. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Jua kali, mchana kweupe, wanawake wanapiga soga. Mara baba yako akaanza kuongea kutoka juu ya kilima. "Ndugu wananchi wa Rurenge na vitongoji vyake, tunasikitika kuwatangazia kifo cha Mzee Karori." Mashine ilizimwa. Hakuna aliyesema, "Lakini Deo amekufa." Hakuna aliyesema, "Lakini Mzee Karoli tulishamzika." Wanawake walijifunga kanga viunoni, mmoja akaenda kutafuta kuni, mwingine ndizi, mwingine akafunga duka lake. Hata mimi, Editha! Hata mimi niliinua ndoo yangu nikaanza kufuata njia ya kwa Karoli. Nilitembea kipande kizuri kabla sijakumbuka kwamba wewe ulipanda kilimani na spika, nikaendelea kwenda ili niwaambie.

Nilipofika uwanja ulikuwa umejaa. Wanaume wameshakaa kwenye magogo. Bibi Anastazia, mjane wa Karoli, alikuwa ametoka ndani amejifunga kile kitambaa cheusi alichovaa mwaka wa msiba wake, amekaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Nikainama nikamwambia, "Bibi, shikamoo. Hakuna msiba, ni Editha anajaribu spika." Akanishika mkono, mkono wake baridi, akasema, "Marahaba, mwanangu. Nilimsikia Deo mwenyewe. Deo hajawahi kutangaza uongo. Nikajua mzee wangu amekufa tena."

Amekufa tena. Alisema hivyo bila kupepesa macho, na watu walikuwa wanamwitikia kwa vichwa. Kisha akapikia watu uji, wakanywa, wakamwimbia, wakaondoka jua linapozama. Mpaka leo hakuna anayelisema sana lile jambo, wanalipita pembeni. Ila vijana walikuwa wamerekodi kwa simu, ikasambaa, na ndani ya muda mfupi mtu wa Mwanza akakupigia. Alikuambia, nakumbuka uliweka simu kwa sauti nisikie, "Dada, tumetafuta miaka yote sauti inayowatoa watu majumbani." Ukaruka juu kwa furaha. Mimi nilikwenda kuangalia kuku.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Siku yule kijana wa kampuni alipokuja, wewe ulikuwa umekwenda Benaco kufuata vyuma vya kuchomelea. Alifika kabla ya muda mliopatana. Mtoto mwenye adabu, sina ubaya naye, alivua viatu mlangoni, "Shikamoo mama," akaninunulia na soda. Nikamwambia asubiri, mimi nikaendelea kupepeta maharage kivulini nyuma ya nyumba. Nilimsikia anafungua mlango wa pikapu. Nikasema moyoni anaangalia vyombo, ndiyo kazi yake. Ilikuwa saa sita hivi, hakuna upepo, kuku wote wamelala.

Halafu baba yako akaniita.

"Limi! Limi, mama Editha, toka nje. Umelala vibaya miaka mingi. Njoo ulale."

Niliitika, "Abee!" Niliitika kabla sijafikiri kitu, kwa sauti kubwa, ile ya kuitikia mume akirudi. Ungo ulianguka. Nilinyoosha kanga, nikajipangusa uso kwa kiganja, na nikakimbia. Mama yako huyu mwenye magoti mabovu, nilikimbia. Na Mungu ananisikia, katika kukimbia kule nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu tumzike. Nilikuwa nawaza tu kwamba chakula hakijaiva na yeye amefika.

Nilizunguka kona ya nyumba nikakuta pikapu milango wazi, na yule kijana ananipiga picha na simu yake, anacheka kwa furaha. "Umeona mama? Umeitika! Umeitika mwenyewe! Hiyo ndiyo tunayoitaka." Akanieleza kwamba wamechukua zile sauti chache ulizowatumia kutoka kwenye flashi, wameziingiza kwenye kompyuta, na sasa mzee anaweza kusema chochote wanachoandika. Gari likifika kijijini litaita watu kwa majina yao, nyumba kwa nyumba. Mama fulani, toka nje. Baba fulani, njoo ulale. Majina watayapata kwa mawakala. Langu najua walilipata kwako, walikuuliza mama yako anaitwa nani, nawe hukuona ubaya. Yule kijana alidhani ananipa zawadi.

Bibi yangu kule Nyantakara alitufundisha kwamba ukiitwa na usiyemwona, nyamaza kwanza mpaka akuite tena. Nilikuwa nalicheka sana hilo nilipokuwa shule. Siku ile nilisimama katikati ya uwanja, nimeshaitika, na ndipo masikio yangu yakanirudia. Aliniita Limi. Alisema ulale. Alisema umelala, miaka mingi, herufi zote mahali pake, ulimi juu ya meno kama nilivyomfundisha jikoni. Sauti ilikuwa ya Deo, pumzi ya Deo, hata kile kikohozi kidogo cha mwanzo kilikuwemo. Lakini aliyekuwa ananiita ni mtu mwingine, na alikuwa anaweza kila kitu ambacho mume wangu alishindwa. Mwili wote ulinisisimka, jua la saa sita limenikalia utosini na mimi nasikia baridi.

Nilipokuwa natamani atamke vizuri sikujua natamani nini. Ndicho hicho sasa, kimeletwa hadi mlangoni na kijana aliyevua viatu.

Na hiki ndicho nilichokuficha. Ulipokuja jioni ukanikuta nimekaa kimya, ukadhani nimeogopa. Sikuogopa tu. Nilimwomba airudie. Yule kijana akafurahi, akarudia. Nikamwomba tena. Nilikaa kwenye kiti cha mbele, pale nilipokuwa nakaa mimi nikienda naye mnadani, nikafunga mlango, nikafumba macho, na nikawa nasema irudie, irudie, mpaka akaniambia mama, betri. Njoo ulale. Njoo ulale. Nilikuwa najua kabisa si yeye, na bado nilikuwa namwitikia chini chini, abee, abee. Kama ungechelewa zaidi kurudi ungenikuta mlemle.

Tangu siku hiyo, kila nikiamka nafanya jambo moja. Kabla sijatoka kitandani najaribu kumsikia kichwani akiniita. Zamani ilikuwa rahisi, ilikuwa inakuja yenyewe nikiwa nateka maji. Wiki ya kwanza nilimsikia vizuri. Wiki ya pili alikuwa mbali. Juzi asubuhi nimejaribu, nikasikia "Limi". Nikajaribu tena, nikasikia "Limi". Nililala pale nikihangaika na herufi moja, najisemea mwenyewe kwa mdomo, Rimi, Rimi, na ulimi wangu wa Kisukuma hauwezi, unatoa ileile ya mashine. Hakuna mtu hapa duniani wa kunitamkia. Nilikwenda mpaka kwa baba yako mdogo pale njia panda nikidhani yeye ataweza, ni damu moja, nikamwambia shemeji, niite kwa jina. Akaniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa, akasema, "Shemeji Limi, una nini?" Alisoma ualimu, yule, ulimi wake ulinyooshwa zamani.

Hicho ndicho anachopoteza mtu aliyekufa, Editha. Umeniuliza, nakujibu. Mizimu siiogopi, ningekuwa na mzimu wa baba yako ungeniita vibaya na ningekuwa nimepona. Naogopa kwamba huyu mwingine anakuja na sauti nzuri, anakaa pale pale alipokuwa yeye, na mimi namfungulia mwenyewe. Nalia ninapoandika hapa, utaona karatasi imelowa, usinitanie.

Sasa kuhusu sahihi. Nimetia. Usiruke kwa furaha kwanza, kaa. Nimetia kwa sababu mara moja nilisimama kati ya mtu ninayempenda na gari lake, nikajifanya najua zaidi kile wadhamini wanachokitaka, na nilikuona wewe jioni hii una uso uleule wa baba yako siku ile ya Biharamulo, uso wa mtu anayetafuta neno la kusema mbele ya mtu anayemsahihisha. Sitaki kuuona tena. Gari ni lako, kazi ni ya mikono yako, na maisha yaliyo mbele ni yako. Karatasi nimeiweka kwenye begi lako juu ya nguo. Flashi haikuguswa. Niliishika kwa muda mrefu usiku huu, kadude kadogo vile, nikafikiria jiko la mkaa liko karibu. Nimeirudisha mfukoni mwako.

Ila ukifika kwao, kabla hujaitoa hiyo karatasi, wafungulie milango ya pikapu uwapigie kitu kingine. Ngoma, kwaya, chochote. Wasikie spika zako zilivyo, ulivyoliziba boksi lisitetemeke, wasikie ulichokifanya wewe. Ongea nao kama unavyoongea na mimi, usitafute Kiswahili cha redio. Mimi bado naamini yumo humo kati yao mtu mmoja mwenye masikio. Wakisema wanachotaka ni sauti ya mzee tu, basi utaamua mwenyewe, na utakaloamua sitakulaani wala sitakununia. Ukiwapa, waombe angalau asiite watu majina. Auze magodoro, aseme bei, aimbe, lakini asimtoe mjane yeyote ndani kwa jina lake. Bibi Anastazia akiitwa na sauti hiyo, atakwenda. Mimi najua, kwa sababu nilikwenda.

Natamani udhamini uupate, usidhani vinginevyo. Nitawatambia watu wa mashine ya kusaga mpaka wanichoke. Hutakuwa unarudi kila wiki, na hapa patakuwa na mimi na kuku tu, nimeshalijua hilo na nimelikubali.

Lakini siku ukirudi na gari likiwa na sauti hiyo ndani, usilifikishe hapa nyumbani. Liache kwa baba yako mdogo pale njia panda, zima kila kitu, uje kwa miguu. Na ukifika uwanjani usiniite, Editha. Hata kama unanisikia niko ndani, hata kama una hamu vipi, usiniite kutoka nje, kwa sababu wakishajua kuitengeneza sauti moja wataitengeneza na nyingine, na mimi sitatoka. Njoo mpaka mlangoni upige kwa mkono wako, kwa ngumi, hata kwa teke ukitaka, na uendelee kupiga bila kusema neno mpaka nifungue nikushike uso.

Mama yako.